Kanzu ya Hariri na Harufu ya Nywele

Kuna saluni moja karibu na soko la Kilifi ambayo siingii tena, ingawa msusi wake ni hodari na hana maneno mengi. Nimeihama kwa sababu ya pasi yake ya kunyooshea nywele. Pasi ikipata moto kupita kiasi, moshi mwembamba hupanda kichwani kwa mteja, harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba kizima, na mimi, mama mtu mzima niliyekwisha kuozesha, huona haya mpaka masikio yakawaka. Siku ya mwisho niliondoka kichwa kimesukwa nusu. Msusi alidhani nimepata habari ya msiba.

Mimi ni mtu wa kushuku, wala sifichi. Muuza samaki akinipimia, sitazami samaki, natazama kidole chake kiko wapi. Mgeni akisifu kabati langu mara mbili, akiondoka nahesabu vijiko. Mume wangu husema nilizaliwa hivi. Si kweli. Nakumbuka vizuri nilikoanzia: nyumbani kwetu Takaungu, nikiwa na miaka tisa, na mtu wa kwanza niliyemshuku kwa moyo wangu wote alikuwa mwanamke aliyekuja kutengeneza kanzu ya hariri.

Kanzu hiyo ilikuwa ya kike, rangi ya zambarau iliyoiva, yenye milia myembamba ya manjano, na shingo yake mpaka kifuani ilitariziwa kwa nyuzi za zari. Nyanya, mamake mama, alisema mamake aliivaa, na mamake mamake aliivaa, na kabla ya hapo hakuna aliyejua. Kila biharusi wa nyumba yetu alivishwa kanzu ile siku ya kupamba, akakalishwa kitini wanawake wakaja kumtazama, na kesho yake ikarudi kashani. Mtaani walituita "wale wa nyumba ya hariri". Tulilipenda jina hilo kwa sababu hatukuwa na jingine la kupenda. Kuta zetu zilikuwa zinamomonyoka chokaa, mlango wa msala ulikuwa gunia, na mvua ikinyesha tulihama na mikeka kutoka pembe hii hadi pembe ile. Lakini hariri tulikuwa nayo, na Nyanya alitembea njiani kama mtu mwenye hariri.

Dada yangu Zuhura alikuwa ameposwa na watu wa Malindi. Harusi ilipangwa iwe baada ya Idi. Mamake bwana harusi alikuwa mwanamke wa kutazama vitu kwa jicho moja limefumba, na tangu siku ya posa alikuwa akiuliza habari za ile kanzu: ni kweli ni ya zamani hivyo, ni kweli ni hariri tupu. Mama alimjibu ndiyo, na ndiyo, na ndiyo. Kwa hivyo siku moja Nyanya akiwa matangani Mnarani, mama alifungua kasha aone kanzu iko hali gani. Aliishika mabegani akaiinua, kama mtu anavyoinua nguo yoyote ile. Palisikika mlio mdogo tu. Shingo ilipasuka pale ilipokuwa imekunjwa, ikaachana na bega, na zari ikaning'inia.

Nyanya aliporudi na kuiona hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonishangaza, kwa kuwa Nyanya alipiga kelele hata kikombe kikidondoka.

"Ifungeni," alisema. "Zuhura atavaa nyingine."

"Mama, watu wa Malindi nishawaambia," mama akasema, na machozi yako karibu. "Mamake bwana harusi atasema tulidanganya."

"Naaseme."

"Kuna Bi Rukia kule Malindi. Yeye ndiye wanayemwita wakiwa na nguo za kale. Naaje atazame tu."

"Nguo ya nyumba hino haiguswi na mtu wa nje."

Mama alikuwa hana kawaida ya kumpinga mamake, lakini mara hiyo alimpinga kimyakimya: alituma salamu Malindi bila kusema. Siku ya tatu Bi Rukia alikuwa barazani kwetu na mfuko wa kitambaa begani, na mgeni aliyekwisha kufika mlangoni Nyanya hakuweza kumfukuza.

Lazima nieleze kazi yake, kwa sababu siku hizi haipo. Bi Rukia aliingizwa vyumba vya ndani vya watu kuanzia Malindi mpaka kwetu, akafunguliwa makasha ambayo hata mabinti wa nyumba hawakufunguliwa. Aliona nguo za marehemu, barua zilizofichwa chini yake, dhahabu iliyokuwepo na dhahabu iliyosemekana ipo. Hakuwa na duka wala kibao. Alikuwa na jina lake tu: kwamba haibi, hasemi, na mkono wake hauna balaa. Jina hilo likichafuka, hana tena mlango wa kupigia hodi. Mimi sikulijua hilo. Nilimtazama tu kutoka nyuma ya mama, nikaanza kuona mambo.

Kwanza, hakunukia. Sisi tuliokulia pwani miaka ile tunajua mama zetu walikuwaje: asumini kichwani, udi nguoni, mafuta ya nazi mwilini. Mwanamke huyu alinukia maji matupu. Hakuwa na bangili, hakuwa na pete, hakuwa na hina, na kucha zake zilikatwa mpaka nyama. Pili, alipopewa chumba cha kando ya ukumbi, jambo la kwanza lilikuwa kufunga madirisha yote mawili, akatundika kanga juu yake jua lisipenye. Tatu, na hili lilinitia baridi, mama alipomletea chetezo chenye udi amkaribishe kwa heshima, aliinuka haraka akakisukuma nje ya mlango.

"Wee dadangu, nakuomba, moshi usiingie humu," alisema. "Nguo hino ishakula moshi wa kutosha."

Chuoni, tulikosomea Kurani, watoto wakubwa walikuwa wametufundisha kwamba shetani hakai penye moshi wa ubani na udi, na mchawi hukohoa akiusikia. Sasa mbele yangu alikuwa mtu mzima, mwanamke wa pwani, anaukimbia udi, anajifungia gizani, na hana harufu. Nilikwenda kwa Zuhura nikamwambia nimeona nini. Alinicheka.

"Mwanamke yuwafanya kazi," akasema. "Nawe nenda kacheze."

Sikwenda kucheza. Nilijituma mwenyewe kumpelekea maji, chai, chochote, ili nipate kuchungulia. Bi Rukia hakunifukuza. Aliniambia nioshe mikono kwa maji, niikaushe, nikae pale kwenye mkeka wala nisiguse. Alikuwa ameilaza kanzu juu ya marikani nyeupe iliyofuliwa mara nyingi hata ikawa haina wanga. Hakuiinua kamwe. Akitaka kuigeuza aliweka marikani nyingine juu yake, akazishika zote kwa pamoja, akageuza. Nyuma ya ile shingo iliyopasuka aliweka kipande cha hariri nyembamba sana, akawa anakamata kwa sindano ndogo hata sikuiona, mshono mmoja hapa, mwingine mbali kidogo.

"Kwa nini huibani sana?" niliuliza siku moja.

"Nikiibana itakatika pengine. Uzi wangu ni mwembamba kuliko nguo. Wakivutana, ukatike uzi, nguo isalimike."

Akanifunulia mambo mengine pia, mwenyewe akiwa ameinama. Kwamba karafuu zile Nyanya alizozitawanya kashani zilikuwa zinaacha doa la mafuta, bora majani makavu ya mkilifi, yaani mwarobaini, yafungwe kwenye kitambaa mbali na nguo. Kwamba nguo ya hariri haikunjwi mahali pamoja miaka na miaka, maana mkunjo ndio unaoiua. Kwamba nguo husema umri wake ndani, si nje. Ukitaka kujua, geuza pindo utazame mshono, utazame rangi mahali ambapo jua halijafika. Mimi nilimsikiliza na nikamshuku zaidi. Kwa nini anataka kujua umri wa nguo yetu? Umri wake tunaujua. Nyanya kashasema.

Siku ya nne ya kazi yake alimuuliza Nyanya jambo, Nyanya akipita ukumbini.

"Bi mkubwa, shingo hino ni kazi ya mkono, tena mkono hodari. Lakini huku chini pana mshono wa cherahani. Mwili wake uliwahi kutengenezwa?"

Nyanya alisimama. Namwona hata sasa, mkono mmoja umeshika ukuta.

"Umeitwa kushona," alisema. "Hukuitwa kuuliza."

"Nisamehe, bi mkubwa. Nataka kujua tu nivipatanishe vipi. Vitambaa viwili haviendi sindano moja."

Nyanya akaenda zake. Jioni ile nilimsikia akimwambia mama kwamba yule mwanamke ana jicho baya na amalize upesi aondoke. Moyo wangu ulijaa furaha ya mtu aliyepata mwenzake. Kumbe hata Nyanya ameona.

Sasa nieleze habari za nywele. Zuhura alikuwa akifanyiwa mambo ya biharusi: kusuguliwa singo mwilini, mafuta kichwani, kuchanwa kila siku. Nyanya alikuwa mkali sana juu ya nywele zinazotoka kwenye kitana. Nywele za biharusi hazitupwi. Adui akizipata akazichoma, ndoa inaungua nazo, tumbo linafunga, bwana anamwona mke kama mgeni. Kwa hivyo kila zilipotoka, Nyanya alizikusanya, akazifunga kwenye karatasi, akanipa mimi nizifukie nyuma ya mpera. Ilikuwa kazi yangu na nilijiona mkubwa nayo.

Siku shule ilipofungwa nilirudi nikamkuta Zuhura amemaliza kuchanwa. Nyanya akanipa kifurushi. Nje nikasikia wenzangu wakiniita, wanaruka kamba. Niliingia chumbani nikavua yunifomu, nikavaa gauni la nyumbani, nikaisukuma ile yunifomu chini ya kitanda kwa mguu, nikatoka mbio. Nilipochoka kuruka ndipo nikakumbuka nywele. Mikono yangu ilikuwa mitupu. Nilitafuta uani, nilitafuta ukumbini, nilitafuta penye mpera ingawa nilijua sikufika kwenye mpera. Nyanya alikuwa na fimbo ya mkwaju na hakuwa mvivu wa kuitumia.

Na hapo, nimesimama ukumbini, wakati wa alasiri, ikanijia harufu. Nywele. Nywele zinaungua. Ilitoka chumba cha Bi Rukia.

Nilitia jicho kwenye ufa wa mlango. Alikuwa amepiga magoti, mshumaa mbele yake kwenye kisahani. Mkononi alishika sindano, na kwenye ncha ya sindano kitu chembamba, cheusi, kinajikunja kwa moto. Alikileta puani. Alifumba macho akanusa. Kisha akasaga majivu yake kwa vidole viwili, polepole, akatikisa kichwa. Sikungoja zaidi.

Uani walikuwa mama, Nyanya, na wanawake wawili wa upande wa bwana harusi, mamake na shangazi yake, waliokuja kupanga siku ya kupamba. Vikombe vya chai vilikuwa mikononi mwao. Mimi nikapiga ukelele.

"Bi Rukia yuwachoma nywele za da Zuhura!"

Kila mtu aliinua pua. Harufu ilikuwa imefika uani, hakuna aliyeweza kusema haipo. Mamake bwana harusi aliweka kikombe chini akajiziba kwa mtandio.

"Nywele nilizokupa," Nyanya aliniuliza, "ulizifukia?"

Hapa ndipo penye aibu yangu, na nitaisema kama ilivyo. Niliitazama ile fimbo iliyokuwa imeegemea ukuta. Nikasema, "Nilizifukia, Nyanya. Halafu nikamwona Bi Rukia nyuma ya mpera akifukua."

Sikumwona. Hakuwahi hata kutoka kwenda upande ule. Lakini nilipoyasema niliyaona maneno yangu yanakaa sawa kabisa na harufu, na mlango uliofungwa, na udi uliosukumwa, hata nikaanza kuyaamini.

Bi Rukia alikuwa amesikia. Alitoka na sindano mkononi, uso umemshuka.

"Ni uzi, mama zangu," alisema. "Nimetoa uzi mmoja ndani ya mshono nikauchoma. Hariri ya kweli ikiungua hunuka nywele. Ya uongo hunuka karatasi. Ndivyo tunavyoijua sisi." Akamgeukia Nyanya. "Bi mkubwa, wewe umezaliwa ndani ya hariri. Waambie."

Wote tukamtazama Nyanya. Mimi pia. Palikuwa na kuku anaparuza majani, na nilimsikia kuku huyo vizuri sana.

"Mimi sijapata kulisikia jambo hilo," Nyanya akasema.

"Basi niruhusuni nichome mwingine hapa. Mbele zenu, mchana kweupe. Nyinyi wenyewe mnuse."

"Nguo ya mamangu haichomwi mbele ya macho yangu!"

Bi Rukia alimtazama Nyanya, na Nyanya alimtazama Bi Rukia. Hawakutazamana kwa ugomvi. Nilikuwa mtoto, sikuwa na jina la kuupa mtazamo ule, ila niliona kwamba Bi Rukia alifungua kinywa, macho yakamwendea mamake bwana harusi, kisha yakamwendea Zuhura aliyekuwa amesimama mlangoni na nywele zake wazi, na kinywa akakifunga. Aliingia ndani. Alitoka na mfuko wake begani.

Alipompita mama alisimama. "Shingo imeshika," alimwambia taratibu. "Asiinue mikono juu sana. Na mkiirudisha msiikunje palepale ilipokunjwa."

"Toka!" shangazi wa bwana harusi akasema. "Auzubillahi, toka!"

Mama alikuwa analia. Hakuna aliyemsindikiza Bi Rukia hata mlangoni. Nyanya aliniita, akaniweka kifuani mwake mbele ya wageni, akanipapasa kichwa, akasema mtoto huyu ameiokoa nyumba. Nililala na kanga mpya siku hiyo.

Harusi ilikuwa nzuri. Zuhura alivaa kanzu, hakuinua mikono, na shingo haikuachia hata uzi. Wanawake walipiga vigelegele. Mamake bwana harusi alizunguka kiti mara mbili na jicho lake moja limefumba, akasema mashaallah.

Shule ilipofunguliwa nilitoa yunifomu chini ya kitanda. Ilikuwa na vumbi na imejikunja. Nilitia mkono mfukoni kutafuta kifutio changu, nikagusa karatasi. Sikuhitaji kuifungua, lakini niliifungua. Nywele za Zuhura zilikuwemo, zote, zinanukia mafuta ya nazi. Niliketi sakafuni nikazitazama. Halafu nilitoka, nikachimba nyuma ya mpera, nikazifukia, nikaenda shule. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba harusi ishapita na Bi Rukia kashakwenda kwao, na kwamba mambo ya watu wazima hujinyoosha yenyewe.

Hayakujinyoosha. Maneno yalifika Malindi kabla ya vyombo vya Zuhura. Mwaka mmoja au miwili baadaye nilipelekwa kwa Zuhura likizoni, tukaenda naye sokoni. Niliona mwanamke mwembamba ameketi kando ya njia na karai la viazi vya kukaanga mbele yake, mikono imejaa mafuta mpaka kwenye viwiko. Ile mikono iliyokuwa haigusi hata hina. Mama mmoja aliyekuwa mbele yetu alimvuta binti yake upande wa pili na kumfunika nywele vizuri. Bi Rukia aliona. Aligeuza viazi. Mimi nilijificha nyuma ya Zuhura, na Zuhura naye akaharakisha hatua.

Tangu hapo nilianza kumshuku kila mtu. Nadhani ilikuwa rahisi kuliko kujishuku mwenyewe. Ikiwa watu wote wana la kuficha, basi langu ni dogo.

Nyanya alikufa nikiwa sekondari. Kanzu ilibaki kwa mama, na mama alipofariki ikaenda kwa Zuhura. Mwaka jana nilipoozesha binti yangu, Zuhura aliniletea Kilifi ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nne. Niliilaza kitandani juu ya shuka nyeupe. Nilinawa mikono, nikavua pete. Niligeuza pindo, kama nilivyoonyeshwa, nikatazama ndani. Mshono wa cherahani, ulionyooka kutoka kwapani mpaka chini. Mama wa mamake Nyanya alikuwa na cherahani gani?

Nilichomoa uzi mmoja kwenye shingo, ndani, pasipoonekana. Nikawasha kiberiti. Nywele. Nikachomoa mwingine kwenye mwili wa kanzu. Uliwaka mara moja, majivu mepesi ya kijivu, na chumba kikanukia karatasi.

Niliketi kando ya kitanda na kiberiti kimenizimikia mkononi. Mara moja niliuelewa mtazamo wa uani. Nyanya alijua harufu ya hariri inavyoungua. Mtu aliyebadilisha mwili wa kanzu akabakiza shingo hawezi asijue. Alijua kwamba uzi wa pili ukichomwa mbele ya wakwe, nyumba ya hariri ingekuwa nyumba kama nyingine. Nami nilimletea maneno yangu yakiwa tayari, moto moto, naye akayapokea. Niliona hasira, na nilipoitafuta iende kwa nani, ilirudi nusu kwangu. Mimi nilijua nywele ziko wapi. Yeye alijua uzi unanuka nini. Kila mmoja wetu alikuwa na upande wake wa ukweli, na sote wawili tulikula pilau ya harusi.

Nilimtafuta Bi Rukia. Nilidhani nitaonyeshwa kaburi. Nilionyeshwa chumba huko Malindi, mtaa wa Shela, ambako alikuwa akiishi na mjukuu wake. Mjukuu alikuwa kazini. Bi Rukia alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, anachambua mchele kwenye uteo.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Nani wewe?"

Nilimwambia mimi ni wa nyumba ya hariri ya Takaungu. Vidole vyake vilisimama kwenye mchele. Nikamwambia mimi ndiye yule mtoto. Nikamwambia habari za kifurushi na yunifomu, na fimbo, na mpera ambako sikumwona. Niliyasema yote kwa mbio, kama mtu anayetapika, na nilipomaliza nilikuwa nalia, naye bado anatazama mchele.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" aliuliza.

"Tisa."

"Mtoto wa miaka tisa huogopa fimbo. Hilo sina neno nalo." Akatoa chuya moja akaitupa. "Na siku ulipozikuta zile nywele?"

"Tisa vilevile."

"Na ulipokuwa na ishirini?"

Hakuniuliza miaka mingine.

"Kwa nini hukuwaambia siku ile?" nikasema mwishowe. "Ulikwishajua mwili wa kanzu si wa kale. Ungesema tu, wangekuamini."

"Na wakwe wamekaa pale? Na yule msichana amesimama mlangoni?" Alitikisa kichwa. "Nililoliona kashani kwa mtu si langu kulisema. Ndiyo kazi yangu ilivyokuwa." Akatoa chuya nyingine. "Bibi yako alikuja."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Alikuja. Hata miaka mitatu haikuwa imepita tangu siku ile. Aliketi hapo ulipo. Akanieleza, mvua iliingia kashani, mwili wa kanzu ukaoza wote, akaona aibu kumwambia mtu. Akaenda kununua kitambaa kinachofanana, akampa fundi. Alilia sana bibi yako. Akanishika mikono akaniomba radhi."

"Ukamsamehe?"

"Nilimwambia, Bi mkubwa, maneno yale yalisemwa uani, mbele za wanawake. Njoo unishike mkono twende, ukayaondoe uani, mbele za wanawake. Nipate kurudi kazini kwangu." Bi Rukia aliuweka uteo kando. "Akasema atarudi na wale wanawake. Nilivaa buibui langu jipya nikamngoja. Siku nyingi nilimngoja."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza njia. Kisha alinyoosha shingo, akanitazama mimi, akatazama mlango nyuma yangu uliokuwa wazi, na kichochoro kilichokuwa kitupu.

"Na wewe, mwanangu," akauliza, "umekuja na nani?"

Nilikuwa nimekuja peke yangu.